Malewa ya Wakantoni: kula vizuri na feza kidogo ku Guangzhou



Kama uko na ndugu ao jirani mwenye anafanya biashara, pengine umekwisha kumusikia akisema: « Mwezi ujao niko naenda China. » Mara nyingi ile China yake ni muji mumoja tu, Guangzhou, wenye wakubwa wetu walijifunza ku masomo na jina la Kifaransa: Canton. Tangu mwaka 1957 kuko kule maonyesho makubwa ya bidhaa, mara mbili kwa mwaka, mwezi wa 4 na mwezi wa 10. Kando yake kuko masoko ya nguo, viatu, telefone na mapiesi ya motoka, yenye kufunguliwa karibu mwaka muzima. Watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaijua ile njia.

Wanaporudi wanatuhadisia beyi ya bidhaa, beyi ya kontena, taabu ya viza. Juu ya chakula wanasema neno moja, « Wachina wanakula kila kitu », kiisha wanacheka. Lakini uwaulize wao wenyewe walikula nini zile siku kumi na tano. Wengine watakujibu: biskuti, mukate, sardini, na unga kidogo wenye walibeba mu valizi. Kila siku walipita mbele ya restora ndogo yenye bata wa kuning'inia ku dirisha, harufu ikawafuata mu njia, na waliogopa kuingia. Wengine walikula ku hoteli na feza yenye ingelipa viatu vya watoto.

Basi habari hii ni yako wewe mwenye utaenda. Ni yako pia wewe mwenye hautaenda, lakini unaishi karibu na Wachina hapa kwetu, na haujakaa nao ku meza hata siku moja.

Kwanza, si Wachina wote ni Wakantoni. Wakantoni ni watu wa jimbo la Guangdong, pamoja na Hong Kong na Macau, na wako na luga yao, yenye Muchina wa Beijing hasikii. Wachina wenye unaona ku makampuni ya Kolwezi wanatoka majimbo mengi, na wengine wanakula pilipili kushinda sisi. Mukantoni, hapana. Yeye anataka kusikia ladha ya kitu chenyewe: kuku iwe kuku, samaki iwe samaki. Na ile neno ya « kula kila kitu », Wachina wenzao njo wanawachekesha nayo: wanasema Mukantoni anakula kila chenye miguu ine, isipokuwa meza. Si watu wapya kabisa ku historia yetu. Mwaka 1892, wakati wa kujenga njia ya reli ya Matadi, waliletwa wafanyakazi zaidi ya 500 kutoka Macau. Wengi walikufa kule kwa magonjwa na kwa uzito wa kazi.

DIRISHA LA BATA

Restora yenye ninakuambia, utaitambua namna gani? Jina lake hautaweza kulisoma. Taa ni nyeupe na kali, sawa ya hospitali. Meza ni za plastiki ao formika, viti havina mugongo. Hakuna kitambaa ku meza, hakuna maua, hakuna muziki. Ku ukuta kuko karatasi zenye majina ya vyakula na beyi. Lakini mbele, nyuma ya kioo, utaona bata, kuku na vipande virefu vya nguruwe ku ndoano, rangi ya shaba yenye imetoka ku moto. Chini yao, mwanaume mumoja amesimama na kisu kizito cha mupana, mbele ya kipande cha shina la muti. Anapiga, anapiga, anapiga. Haangalii mukono wake.

Ile kazi inaitwa siu mei, ni kusema nyama za kuchoma, na inafaa tuikalie kidogo.

Kuko char siu. Maana ya jina ni « kuchoma na uma », sababu zamani walitoboa vipande vya nyama na vyuma na kuviweka ku moto. Ni nyama ya bega ao ya shingo ya nguruwe. Wanailaza mu soya, sukari na viungo kwa masaa mingi, kiisha wanaining'iniza ndani ya furu ya mviringo, ndefu kama pipa. Inapokaribia kuiva wanaipakaa asali ya nafaka na kuirudisha ku moto, mpaka pembeni pakuwe peusi kidogo. Wale wenye kuijua wanaomba ile pembe nyeusi.

Kuko siu yuk, nyama ya tumbo la nguruwe. Ngozi yake wanaitoboa na sindano mingi sana, wanaisugua chumvi, wanaiacha ikauke, kiisha moto mukali. Ngozi inavimba, inakuwa kama biskuti, inalia mu meno.

Kuko bata, na yule bata mukubwa wa shingo ndefu, mwenye Wakantoni wanapenda kupita wote. Huyu anaomba uvumilivu. Wanampuliza hewa kati ya ngozi na nyama. Wanamutia viungo ndani ya tumbo na kumushona. Wanamumwangia maji ya moto ili ngozi ikaze, wanamupakaa siki na asali, wanamutundika akauke masaa na masaa. Njo pale tu anaingia mu furu. Anapotoka, yale maji ya viungo yenye yalibaki mu tumbo hawayatupe: yanamwangwa juu ya muchele wako.

Ufanye hesabu, musomaji. Ile ni kazi ya siku nzima, ingine ilianza jana. Na wewe unalipa nini kwa sahani ya muchele, nyama ya kukatwa juu yake na majani kidogo? Ku Guangzhou, karibu yuan 20 mpaka 30. Dolare moja ni karibu yuan 7, basi ni dolare 3 ao 4. Ku Hong Kong maisha ni gali, utalipa mara nyingi dolare za kule 40 mpaka 60, ni kusema karibu dolare 5 mpaka 8 za Amerika.

Sababu gani haipandi? Kila mama malewa wa Kenya ao wa Kasumbalesa anaweza kukujibu bila kwenda China. Furu moja inachoma wanyama wengi kwa moto mumoja. Kukata sahani moja hakupiti dakika moja. Mutu anakula dakika kumi na tano, anatoka, mwingine anakaa palepale. Na hakuna kinachopotea: miguu ya kuku, shingo, ndimi za bata, maini, vyote vinapikwa mu soya na kuuzwa, mifupa inaingia mu supu. Feza yote inaenda ku moto na ku mukono wa mupishi. Kitambaa cha meza hakipikwi.

Kuagiza si kazi ya kuogopesha. Unasimama ku dirisha, unaonyesha na kidole. Unaweza kuomba nyama aina mbili juu ya muchele mumoja. Paja la bata mara nyingi lina beyi yake ya juu, basi uangalie kidole chako kinasimama wapi. Maneno mawili yatakutosha. M-goi (sema « mm-goy ») ni « tafazali » na « asante » kwa mutu mwenye anakutumikia. Chi-gang ni kijiko, kama vijiti vinakushinda. Watumishi wengi wa leo ku Guangzhou wanatoka majimbo mengine na wanasema Kichina cha serikali, lakini m-goi wanaijua wote.

Usikose pia kuku mweupe. Macho yako yatamuzarau, sababu hana rangi, anaonekana kama kuku wa mugonjwa. Wanamupika mu maji yenye yamekaribia kuchemka lakini hayachemki, kiisha wanamutumbukiza mu maji ya barafu ili ngozi ikaze. Analiwa baridi kidogo, na mafuta ya tangawisi na majani ya kitunguu. Karibu na mufupa utaona wekundu. Ni desturi yao, hawakusahau kumupika. Kama moyo wako unakataa, chukua bata. Na kuku wao haondolewi mifupa: anakatwa nayo yote. Mufupa unautema pembeni ya sahani ao ku meza, hakuna mwenye atakuangalia vibaya.

BUKARI YAO NI MUCHELE

Iko neno moja ya Kikantoni yenye sisi watu wa bukari tunaisikia mara moja kushinda Wazungu. Muchele wa kupikwa unaitwa faan. Vyote vyenye vinakuja kuusindikiza, nyama, samaki, majani, mayai, vinaitwa sung. Ni bukari na mboga, sawasawa! Mutu akikula nyama bila faan, ni kama hajakula bado. Na mama Mukantoni akienda ku soko anasema anaenda kununua sung, sababu muchele uko tayari ku nyumba, kama unga wetu.

Ukijua ile, utajua kula mu restora yao. Usinunue nyama ingi. Nunua muchele wa kushibisha, nyama kidogo ya kuupa utamu, na sahani moja ya majani mugawane wawili. Yale majani, choi sum, yanafanana kidogo na majani yetu ya lengalenga mu sufuria. Wanayatumbukiza mu maji ya kuchemka dakika chache, yanatoka mabichi na ya kijani, wanamwanga juu mafuta na mchuzi mweusi wa chaza, wale konokono wa bahari wenye nyumba mbili. Inasemwa ule mchuzi ulitokea mwaka 1888, kule Guangdong, kwa mupishi Lee Kum Sheung, mwenye alisahau chaza zake ku moto mpaka maji yakawa mazito na matamu. Kampuni ya jamaa yake, Lee Kum Kee, inauza chupa zake dunia nzima mpaka leo.

Mara nyingi utapewa pia bakuli ya supu nyepesi ya mifupa na mizizi, mbele ya chakula. Usiseme ni maji ya kunawa. Kunywa. Pilipili hautaiona, uombe, wanayo mu kikopo, lakini mwenye kuzoea pilipili ya kwetu atacheka.

KUPIGIWA KELELE

Sasa tufike pale watu wetu wengi wanaumia. Unaingia, hakuna mutu anakuambia karibu. Mutumishi anakuonyesha kiti na kidevu, ku meza yenye wageni wengine watatu wanakula. Anatupa kikombe mbele yako. Anakupigia kelele kukuuliza unataka nini. Ukikawia, anaenda zake. Moyo unasema: ni juu ya ngozi yangu.

Ngoja kwanza. Angalia namna anafanya kwa yule muzee Muchina pembeni yako. Anamupigia kelele ileile, anamutupia kikombe vilevile. Saa sita ya muchana kuko watu makumi wenye njaa na dakika chache, na restora ya namna ile inaishi kwa viti kubadilisha watu. Kukaa na watu usiowajua kunaitwa daap toi, na ni kawaida. Kwetu, kukaa ku meza ya mutu bila kumusalimia ni matusi; kule unamwinamishia kichwa kidogo, unakula, kila mutu anamuacha mwenzake na amani yake.

Chai inafika hata kama haukuiomba. Ku Guangzhou utaona watu wanamwanga ile chai ya kwanza ndani ya bakuli, juu ya kikombe na vijiti, kiisha wanaitupa mu beseni. Wanasafisha vyombo. Fanya vile nawe. Mwenzako akikutilia chai, gonga meza pole pole na vidole viwili: ni asante. Wanahadisia kama mufalme mumoja wa zamani alitembea kwa kujificha akamutilia mutumishi wake chai, na mutumishi, kwa kuogopa kumufunua, alipiga magoti na vidole. Na vijiti vyako usivisimamishe ndani ya muchele hata siku moja. Vile njo wanafanya ubani mbele ya wafu.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa ku nyumba zenye walipanga na ku hoteli, na mu restora zingine walikataliwa kuingia. Mabalozi wa Afrika ku Beijing waliandika barua ya kulalamika. Wenye walilala inje siku zile hawajasahau, na hakuna sababu wasahau. Njo maana uzoee kutofautisha. Kelele ni ya watu wote. Kukataliwa ni wakati viti viko wazi, feza yako iko ku mukono, wengine wanapita nyuma yako wanakaa, na wewe unapungiwa mukono utoke. Pale usikunje roho na kujiambia ni desturi yao. Si desturi. Toka, uende ku mulango wa pili, na ile mitaa haikosi mulango wa pili.

WENYE HAWALI NGURUWE

Wewe Mukimbangu, Muadventista ao Muislamu, jua mbele: nguruwe ni mufalme wa ile nyumba. Hata majani na tambi vinaweza kupakwa mafuta yake, na kisu cha bata ni kisu kilekile cha char siu. Wantan, vile vifuko vidogo vya unga mu supu ya tambi, ndani mara nyingi muko nguruwe na kamba za bahari pamoja. Kwa Mukimbangu na Muadventista, omba mutu akuandikie Kichina ku karatasi « sili nyama wala mafuta ya nguruwe » (Muadventista aongeze kamba na chaza), uionyeshe mbele ya kukaa. Mwenye dini yake inakataza hata kisu, atafute restora za Wachina Waislamu. Wanapika tambi za nyama ya ngombe, beyi ni ndogo pia. Ila ile si chakula cha Kikantoni tena. Mwenye mwili wake unakataa karanga ao vitu vya bahari, afanye karatasi pia.

Asubui, kama tumbo limechoka na safari, tafuta jook. Ni muchele kidogo mu maji mingi, unapikwa mpaka punje zinapasuka na kuwa uji. Ndani wanatia vipande vya samaki, maini, ao yai jeusi la bata lenye lilikaa mu chokaa na majivu. Pembeni unapewa mukate murefu wa kukaangwa mu mafuta, mutoto wa tumbo moja na vitumbula vyetu. Ni chakula cha beyi ya chini kuliko vyote, na wagonjwa na wazee wao wanalelewa nacho.

Ukifika Hong Kong utaona ndugu mwingine wa restora hizi, cha chaan teng. Zilienea nyuma ya vita vya pili vya dunia, wakati Waingereza walikuwa wanatawala. Chakula cha Wazungu kilikuwa cha wakubwa, basi watu wadogo walijitengenezea chao: chai nzito sana na maziwa ya kopo, makaroni mu supu na jamboni, mukate wa kuchomwa na siagi. Mukongomani mwenye alikua na chai na maziwa ya kopo hatasikia ugeni.

Ukimaliza, usikae kuongea. Sema maai daan, ao uende wewe mwenyewe ku kaunta na kale kakaratasi kenye waliacha ku meza. Ku restora zingine chai na karatasi za kujipanguza zinahesabiwa yuan 1 ao 2. Si wizi, kila mutu analipa. Hakuna kuongeza kitu kwa mutumishi, atakurudishia. Wachina karibu wote wanalipa na telefone, na tangu mwaka 2023 Alipay na WeChat zinakubali karte za Visa na Mastercard za inje, basi utengeneze ile mambo mbele ya kupanda ndege. Feza ya karatasi sheria inaikubali bado, lakini beba noti za 10 na 20, sababu ukitoa noti ya 100 kwa uji wa yuan 8, mwenye restora atatafuta chenji ku majirani na utasikia tena ile kelele. Na mbele ya sikukuu ya mwaka mupya wao, mwezi wa 1 ao wa 2, weka biskuti zako tayari: malewa mingi inafungwa siku kadhaa, wapishi wamerudi kwao.